Udaktari wa Mifugo si Sindano Pekee

Mtoto akisema nyumbani kwamba anataka kusomea udaktari wa mifugo, wazazi wengi humwona tayari yumo zizini na mabuti yake, sindano mkononi. Wengine huguna. Wiki hii tunapenda kuizungumzia njia isiyotajwa sana ya taaluma hiyo: njia ya yule anayechunguza namna mwili wa mnyama mzima, asiye na ugonjwa, unavyofanya kazi, kisha akaifikisha elimu hiyo kwa mfugaji. Elimu yenyewe huitwa fiziolojia.

Tuchukue jambo moja tu. Ng'ombe asiye na mimba huingia joto kila baada ya siku 21 hivi. Joto hilo kwa kawaida halifiki siku nzima, na mara nyingi huja usiku, mwenyewe amelala. Watafiti walibaini kwamba yai halitoki wakati wa joto, bali saa kadhaa baada ya joto kwisha, na likishatoka haliishi muda mrefu. Ndipo ikapatikana kanuni ifuatwayo na wahimilishaji: aliyeonekana na joto asubuhi ahimilishwe jioni, aliyeonekana jioni ahimilishwe kesho yake asubuhi. Maneno machache, lakini nyuma yake wapo watu waliokesha mabandani wakipima na kuandika.

Mwenye mtamba mmoja akizikosa saa hizo, fedha ya mbegu imepotea, naye atamlisha mnyama siku 21 nyingine bila tone la maziwa. Akikosea mara tatu, miezi miwili imekwenda. Kwa nyumba inayotegemea maziwa kulipa ada, hilo si jambo dogo.

Hapo ndipo unapoingia upande wa pili wa kazi hii, yaani ushauri wa kitaalamu. Mtafiti hawezi kufika kila banda. Huwafundisha mabwana mifugo na wahimilishaji, huandika miongozo, huulizwa kwa nini ng'ombe amerudia joto mara ya tatu. Je, ni lishe? Ni mfugaji aliyechelewa kuona dalili? Au ni mbegu? Mbegu zinazotayarishwa katika Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River, Arusha, hutunzwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtungi ukiachwa ukauke, mbegu hufa na kwa macho hazionyeshi tofauti yoyote. Kwa maoni yetu upande huu ni mgumu kuliko maabara, kwani humtaka msomi aseme lugha ya mchungaji, tena amsikilize.

Shahada ya kwanza huchukua miaka 5 katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kisha mhitimu husajiliwa na Baraza la Veterinari, na mwenye nia ya utafiti huendelea na uzamili. Kazi zipo vyuoni, katika Taasisi ya Utafiti wa Mifugo, na kwa watengenezaji wa vyakula vya mifugo. Mabinti nao wamo, na wanaifanya vizuri.

Mzazi mwenye mtoto wa kidato cha pili apendaye viumbe na amuulize mapema kuhusu Kemia, kwani wengi huiacha wanapoingia kidato cha tatu, na bila hiyo mlango huu haufunguki.