NAMBA NI YA MFANYAKAZI, SI YA KAMPUNI



Mwajua vile kibarua anavyoitwa kazini siku hizi hapa Thika na Ruiru. Zamani tulisimama langoni alfajiri, nyapara akatazama nyuso na kuchagua. Sasa nyapara hupiga simu. Mananasi yakiwa tayari kuvunwa, au kiwanda cha nguo kikipata kazi nyingi, huita namba zilizo katika daftari lake. Isiyopatikana hurukwa, na mwenye namba inayofuata ndiye apataye siku ile.

Kwa hiyo twasikitika kila tunapoona ndugu ametupa namba yake ya miaka mingi kwa kuwa kampuni nyingine ya simu ina bei nafuu. Mwenzetu mmoja wa Ruiru alikaa nyumbani wiki tatu akidhani kazi hakuna, kumbe ameitwa mara mbili kwa namba ya zamani. Tena namba iliyoachwa haibaki bure. Baada ya miezi kadha kampuni humpa mtu mwingine, naye ndiye atakayepokea simu zako.

Hasara hiyo si ya lazima. Tangu Aprili 1, 2011, mtu katika Kenya aweza kuhama kampuni na namba yake ile ile. Wakati huo kampuni zilikuwa nne, na miezi michache nyuma, Agosti 2010, zilianza kupigana kwa bei hata dakika moja ikashuka mpaka shilingi 3. Uingereza ilikuwa na haki hii tangu 1999, Marekani tangu 2003, na majirani zetu Tanzania waliipata Machi 2017. Unakwenda kwa kampuni unayoitaka, wala si kwa ile unayoiacha, ukiwa na kitambulisho chako. Wao ndio wanaopeleka ombi.

Mbona basi waliohama ni wachache mno? Twaona sababu kubwa ni pesa. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, akaunti ilifungwa na kampuni, si na namba. Ukihama, namba yaja nawe lakini akaunti yabaki nyuma. Inakupasa utoe pesa zote kwanza, ulipe mikopo ya simu, kisha ufungue akaunti mpya kwa kampuni mpya. Ni kweli kwamba tangu 2018 pesa zaweza kutumwa kutoka kampuni moja hata nyingine. Lakini wako waajiri huku kwetu wanaolipa vibarua kwa kampuni moja tu, na anayehama huambiwa atafute laini ya pili. Basi amehama nini huyo?

Wazee wetu walivaa kipande shingoni, nacho kilikuwa na namba iliyomfunga mtu kwa bwana wake. Hatusemi simu ni kipande. Twasema namba isiyoweza kuondoka na mshahara wake ni haki nusu, na sisi hatukuzoea kushukuru kwa nusu.

Twataka mambo mawili. Waajiri walipe kwa namba yoyote ambayo mfanyakazi ametaja, ya kampuni yoyote, na jambo hilo liandikwe katika mapatano yetu nao. Na Halmashauri ya Mawasiliano izibane kampuni mpaka kuhama kusimvurugie mtu akiba yake.

Neno moja kwa ninyi wenye laini zilizoandikishwa kwa jina la nyapara, au la shemeji, au la mwenye nyumba: hamwezi kuhama, maana mbele ya sheria namba si yenu. Na siku mtakapogombana na mwenye jina, aweza kuifunga. Rekebisheni hilo kwanza, kabla ya kutazama bei.

Katibu wa tawi anaandika orodha ya waajiri wanaokataa namba za kampuni nyingine. Mje naye muonane jioni baada ya kazi, na simu zenu mkononi, ili aone ujumbe wa malipo kwa macho yake.