Cherehani ya fundi viatu

Rwanda ilipopandisha ushuru wa mitumba mwaka 2016, nguo zikitoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, na viatu navyo vikapanda, hesabu ilikuwa kukuza viwanda vya ndani. Nadhani tulisahau kiwanda kidogo kuliko vyote: cherehani ya ngozi ya fundi viatu. Singer 29K, iliyoundwa Clydebank, Uskochi, katika kiwanda kilichofungwa 1980, ina mguu unaozunguka pande zote, hivyo fundi hageuzi kiatu, anageuza mshono. Huo ndio utamu wake. Karaha imejificha ndani ya mkono wake mwembamba: meno ya gia zinazoendesha bobini yakilika, mshono unaruka, na hakuna mafuta yatakayorudisha chuma kilichokwisha. Mtasema anunue mpya ya Kichina. Sawa, zipo, na kwa kiraka chepesi zinatosha. Ila kuchakaa nazo zitachakaa, na kipuri kitatafutwa tena. Gia hiyo ni kazi ya saa chache kwa mchonga vyuma hodari. Tunaofundisha vijana wa Kigali kushona tuwafundishe pia kuichonga.