Msilaumu mnara kabla hamjaiangalia rauta

Nimepotea humu karibu wiki tatu, si mnajua mambo ya test na zile asaimenti za kikundi ambazo majina yanaandikwa sita lakini waliofanya ni wawili. Nimerudi na jambo linalonikera tangu likizo. Naona niliseme hapa maana wengi wenu nyumbani ni kijijini kama mimi, na nina hakika mnatumiwa meseji ile ile: "Mwanangu, mtandao unasumbua, tununue bando gani?"

Mimi nasema hivi: kwetu Kaengesa, na naamini vijiji vingi vya Ufipa, mara nyingi bando halina kosa. Wala mnara hauna kosa kama tunavyodhani. Kosa lipo kwenye kile kiboksi cheupe kinachowaka taa juu ya kabati. Watu wananunua rauta kama wanavyonunua kava la simu, yaani kwa sura na bei, halafu mwaka mzima wanalipia bando kubwa zaidi ili kutibu ugonjwa usiotibika kwa bando.

Wale waliokulia mijini kwenye waya wa TTCL enzi za ADSL wananielewa haraka. Miaka ile ya 2000 majirani wawili waliweza kuwa na waya wa aina moja, kutoka kituo kimoja, mmoja anasoma barua pepe zake kwa raha na mwenzake anakatikiwa kila nusu saa. Waya wa shaba una kelele zake, na kadiri unavyokuwa mrefu ndivyo sauti inayofika inavyofifia. Modemu nzuri inang'ang'ania laini yenye kelele na inakubali kupunguza spidi kidogo ili isikatike. Modemu mbovu inaachia, inaanza upya kuungana, na wewe unapiga simu kulalamika. Laini ni ile ile, masikio ndiyo tofauti.

Sisi Kaengesa nyumbani kwetu hatujawahi kuwa na waya. Laini yetu ni hewa, rauta ya 4G na chipu ya simu ndani yake. Lakini hadithi ni ile ile, na hapa ndipo watu wanapigwa dukani.

Chukua antena. Baba mdogo ana steshenari pale kijijini: fotokopi, kuchapa barua, na katikati ya mwaka, dirisha la mikopo ya HESLB likifunguliwa, vijana waliomaliza form six wanajaa kwake kujaza maombi. Aliuziwa rauta yenye antena nne zimesimama kama masikio ya punda. Akaambiwa hii inavuta mpaka porini. Kumbe zile antena nne zote ni za waifai, kazi yake ni kuongea na simu zilizomo humo humo dukani! Antena ya kuongea na mnara ipo ndani ya boksi, ndogo, huioni. Ndiyo maana simu ya mteja inaonyesha waifai imejaa pomoni na ukurasa haufunguki. Waifai kujaa maana yake ni kwamba unaisikia rauta vizuri. Haikuambii chochote kuhusu rauta inausikiaje mnara.

Halafu kuna masafa, na hili ndilo kubwa kuliko yote. 4G haipiti njia moja. Kuna bendi za juu kama 1800 MHz (bendi 3) na 2600 MHz (bendi 7), na kuna za chini kama 800 MHz (bendi 20) na 700 MHz (bendi 28). Za juu zinabeba mzigo mwingi lakini zinachoka mapema na ukuta unazisumbua. Za chini zinasafiri mbali zaidi na zinaingia ndani ya nyumba vizuri zaidi. Mwaka 2018 TCRA ilipiga mnada masafa ya 700 MHz. Sasa mtu wa kijijini, mwenye mnara ng'ambo ya bonde, anazihitaji zile za chini kuliko mtu wa Kariakoo. Lakini rauta iliyotengenezwa kwa soko la nchi nyingine inaweza isiwe kabisa na bendi 28. Mnara unaita, yenyewe haisikii, inabaki imeng'ang'ania 3G.

Kipimo chake ni rahisi na hakina gharama. Toa chipu kwenye rauta, weka kwenye simu ya 4G ya kawaida, kaa pale pale rauta ilipokuwa. Simu ikipata 4G inayotulia na rauta haipati, basi usiongeze bando, badilisha rauta. Tulifanya hivyo kwa baba mdogo na simu ikaishinda ile rauta ya masikio ya punda mchana kweupe.

Tukaazima nyingine kwa binamu, ya zamani kidogo, haina sura kabisa, ila ina bendi 28, na nyuma ina matundu mawili ya kufungia antena ya nje. Hata kabla ya kununua hiyo antena tuliihamisha tu. Juu ya kabati la chuma, chini ya bati, ilikuwa inasoma RSRP ya -113. Dirishani upande wa mnara ikasoma -98. Namba hizi utaziona ukiingia kwenye ukurasa wa rauta, ule wa 192.168.1.1 au 192.168.8.1, anwani kamili imebandikwa chini ya boksi. Kadiri namba inavyosogea sifuri ndivyo mambo yanavyokuwa mazuri: -85 unacheka, -115 unaomba Mungu. Na desibeli si za kuhesabu kama shilingi, kila 10 ni mara kumi, kwa hiyo zile 15 tulizopata kwa kusogea hatua nne ni nguvu mara thelathini hivi. Bando halikubadilika hata senti.

Mnaweza kuona ni jambo dogo. Mwulize kijana ambaye cheti chake cha kuzaliwa kimegoma kupanda mara nne, dirisha linakaribia kufungwa, na nauli ya kwenda Sumbawanga mjini na kurudi ndiyo hela ya mfuko mzima. Kupakia ndiko kunakoumia kwanza, maana mnara una sauti kubwa na kirauta chako kina sauti ndogo. Unaweza kufungua kurasa vizuri na bado faili lisitoke.

Tusisahau umeme. Karibu na steshenari kuna mashine ya kusaga, na ikiwashwa tu taa zinafifia. Rauta yenye adapta dhaifu inazima na kuwaka yenyewe, inachukua dakika mbili kuungana tena, na wateja wanasema "mtandao umekata". Mtandao haujakata! Tazama taa. Kabetri kadogo ka 12V ka kuweka katikati kanamaliza ugomvi huo. Na masika yakianza, chomoeni. (Ninyi wa Dar, najua mmeshaanza na utani wenu wa radi za Sumbawanga. Haya, chekeni, mmalize.)

Sasa nisionekane nauza rauta. Kuna mambo ambayo hakuna rauta itakayoyatibu. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, Tanzania nzima iliyumba, ungekuwa na rauta ya dhahabu ungeyumba nayo. Na kama saa kumi alfajiri mambo yanakimbia lakini saa mbili usiku yanalala, basi mnara umejaa watu, kazi ni ya kampuni kuongeza uwezo. Ni kweli pia sehemu nyingine mnara wenyewe haupo. Ndiyo sababu Mei 2023 UCSAF ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 kwenye kata 713. Nafurahi. Ila mnara mpya ukiwashwa na rauta ya kiziwi iko juu ya kabati, kilichoongezeka ni mtu mmoja zaidi wa kulalamika.

Ninachowalaumu hasa ni wauzaji. Kwenye boksi wanaandika "300 Mbps" kwa herufi kubwa, namba ambayo ni ya waifai ya humo ndani, na bendi wanaziandika kwa maandishi ya sisimizi au hawaandiki kabisa. Halafu nyingine zinafungwa zikubali chipu ya kampuni moja tu. Ukihama kijiji, au jirani yako akapata mnara wa kampuni nyingine, boksi lako linakuwa kishikilia mlango. TCRA tayari inakagua na kuidhinisha vifaa hivi kabla ya kuuzwa. Basi si waongeze sharti moja: bendi ziandikwe mbele ya boksi, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mzee wa miaka sitini anazisoma bila miwani. Simenti inaandikwa daraja lake, mbolea inaandikwa viini vyake, na mkulima wa Ufipa anavisoma kabla hajatoa hela.

Likizo ijayo nampelekea baba mdogo antena ya nje ya kufunga juu ya paa, upande wa mnara. Waya wake nitautafuta mfupi, maana ukiwa mrefu unakula ile ile nguvu uliyoifuata juu. Ile ya masikio ya punda anasema hatupi, taa zake zinapendeza dukani.