Kadi ya picha haiimbi!
Binamu yangu kauza ng'ombe ili anunue tarakilishi ya kurekodia nyimbo nyumbani. Muuzaji mmoja mjini akambebesha mashine ya michezo: kadi ya picha ya kutisha, RAM giga 8. Jamani, kadi ya picha inaimba? Sauti hutaka prosesa, RAM na diski ya SSD. Mimi ningemchukulia ThinkPad ya mtumba, RAM giga 16, na pesa zinazobaki ziende kwa saundi kadi ya USB yenye draiva ya ASIO. Bafa ya sampuli 256 kwa 44,100 Hz ni milisekunde 5.8 tu! Hiyo mashine yake sasa? Feni inavuma ndani ya kila wimbo aliorekodi.