Kambi ya Jabali Isivunjwe, Ila Irekebishwe



Mwezi uliopita lilitolewa pendekezo katika kundi letu la WhatsApp la ukoo, nalo likaungwa mkono na wengi kabla adhuhuri haijaadhiniwa. Pendekezo lenyewe ni kuwa kiangazi hiki tusipige kambi Jabal Akhdar kama ilivyo ada yetu. Kila nyumba ijichukulie vyumba vyake hotelini, kisha tukutane wakati wa chakula cha usiku. Aliyelitoa ni binamu yangu akaaye London, na sababu alizozitaja hazikuwa za kupuuzwa. Wazee wetu wameongezeka umri, mahema yamechakaa, na mvua ya radi iliyotukuta mwaka jana baada ya alasiri ilituachia magodoro yaliyolowa na watoto waliolia hadi magharibi. Nilisoma, nikanyamaza. Leo nasema, kwa sababu naliona jambo hili ni zito kuliko suala la malazi.

Kwa msomaji asiyeijua safari hii, nieleze kidogo. Katika miezi ya Juni na Julai joto la Maskati hupita nyuzi 40, na unyevu wa bahari humfanya mtu aone kama anavuta pumzi ndani ya chungu cha mchuzi. Mtu akishika njia ya Nizwa, akafika Birkat al-Mawz, hukuta kituo cha polisi ambapo gari isiyovuta kwa magurudumu yote manne hurudishwa. Kuanzia hapo barabara hupanda kwa kona kali hadi kwenye uwanda wa Saiq, ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko juu usiku mtu hutafuta blanketi. Kuna mireteni na mizeituni ya mwitu, na kuna vijiji vilivyobandikwa ubavuni mwa jabali, na mashamba yake ya ngazi hunyweshwa kwa falaji. Mawaridi ambayo wenyeji huyatengeneza marashi huchumwa kabla ya kiangazi, na komamanga huiva kiangazi kinapoelekea ukingoni, kwa hivyo sisi hufika baina ya mavuno mawili, wakati makomamanga yangali madogo na watoto wanakatazwa kuyagusa.

Kambi yetu ilianzishwa na Mama Mkubwa, ambaye sasa ukoo mzima humwita Bibi. Alizaliwa Wete, Pemba, akatoka huko mwaka wa 1964 akiwa mke kijana. Alikaa Dar es Salaam miaka kadhaa, na akaja Omani baada ya Sultan Qaboos kushika utawala Julai 1970 na kuwaita Waomani walioko ng'ambo warudi. Mara ya kwanza tulipompandisha jabalini, alishuka garini, akavuta hewa, akasema, "Hapa ni pa kupiga kambi." Neno hilo hakulitoa kwenye vitabu vya utalii. Kwao Pemba, kambi ilikuwa ile ya msimu wa karafuu, watu wanapohamia mashambani, wakalala pamoja na wakala chungu kimoja mpaka mavuno yaishe. Akatuuzulia neno lake kwa bei ya safari moja, nasi tumeendelea kulitumia mwaka hadi mwaka. Mwaka jana tulikuwa watu 43, kutoka Maskati, Dubai na London, pamoja na wale wa upande wa shangazi waliokulia Bujumbura, ambao Kiswahili chao kina Kifaransa ndani yake kama chetu kilivyo na Kiarabu.

Sasa nije kwenye hoja. Sote twajua kuwa Kiswahili katika nyumba zetu kinarudi nyuma. Watoto husoma kwa Kiarabu na Kiingereza, huchezea simu kwa Kiingereza, na sisi wazazi, tukichoka, huwajibu kwa lugha wanayotusemesha. Kiswahili kimebaki chumbani kwa wazee, kama kanga zilizowekwa ndani ya bweta zisichakae. Tumejaribu masomo ya Ijumaa na tumenunua vitabu, lakini mtoto hujifunza orodha ya wanyama na hesabu hadi kumi, kisha hana pa kuvipeleka.

Kambini mambo hugeuka, kwa kuwa lugha hupata kazi. Binti mmoja wa miaka tisa alikuja kutoka London akijua "asante" na "bibi" tu. Siku ya kwanza alitumwa alete kata akaleta sufuria, akachekwa. Siku ya tatu alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, huku anaulizwa kama tui limeshachujwa, na anajibu. Siku ya sita nilimsikia akimkemea kaka yake aliyekuwa analegeza kamba ya hema, "Wewe, usiing'oe, tutaangukiwa!" Hakuna mwalimu aliyemfundisha sentensi ile. Aliihitaji, akaiokota kwa waliomzunguka. Hotelini mtoto huyo angeomba kila kitu kwa mhudumu, kwa Kiingereza, na bibi yake angekuwa mgeni mwingine mezani.

Na kuna la pili, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kambini, baada ya swala ya isha, simu zote hutiwa ndani ya kikapu, taa huwashwa moja, na Bibi huzungumza. Miaka miwili iliyopita kijana wa miaka kumi na minne alimwuliza swali ambalo kizazi changu hakikuthubutu kuliuliza: "Bibi, kwa nini mliondoka Pemba?" Tuliokuwa watu wazima tuliinamisha vichwa. Tumelelewa kuwa 1964 husemwa kwa sauti ya chini, au haisemwi kabisa. Naye akajibu. Alieleza hofu ya siku zile, na jamaa waliouawa ambao mpaka leo hajui makaburi yao. Kisha akamtaja jirani, Mpemba mkulima asiye na nasaba ya Kiarabu, aliyewaficha ghalani mwake siku nne na kuwapelekea muhogo usiku. Akasema bila yeye, nusu ya sisi tuliokuwa tumekaa pale tusingezaliwa.

Hapo hakukoma. Akasema lile shamba la karafuu tunalolisifu, lililopotea, halikupandwa kwa mikono ya wazee wetu. Lilipandwa na watumwa. Na bibi yake mwenyewe, mzaa mama yake, aliletwa pwani mtoto kutoka Nyasa, akakua, akawa suria katika nyumba ile. Akatukumbusha kuwa amri ya 1897 iliyoondoa hali ya utumwa Unguja na Pemba haikuwafikia masuria, nao wakangoja mpaka 1909. "Katika ile nasaba mliyoitia fremu," akasema, "yumo mume wake na wamo wanawe. Yeye hayumo."

Ami yangu mmoja aliinuka mkekani kwa hasira, akaenda kulala. Alfajiri tulimwona amekaa mlangoni mwa hema la Bibi na mdila wa kahawa, akimmiminia bila ya kusema kitu. Bibi alikunywa vikombe vitatu.

Sisi tunaopenda kutaja asili yetu kila penye harusi na tanga tunayo methali tunayoipenda, kuwa mwacha asili ni mtumwa. Usiku ule nilifahamu kuwa tumeitumia kinyume. Asili yetu ina mtumwa ndani yake, na tuliyemwacha ni yeye. Tangu hapo nimeiandika upya nasaba ya upande wa mama. Jina lake nimelitia, kwa vile Bibi alikuwa analijua, na hakuna mwingine aliyekuwa analijua. Kama tungekuwa hotelini usiku ule, tungekula, tungepiga picha, kila mtu angepanda chumbani kwake saa nne, na jina hilo lingezikwa pamoja na wa mwisho kulijua.

Basi naunga mkono kambi. Hata hivyo sitaki nionekane kama mtu anayetetea raha yake kwa mgongo wa wenziwe, maana hapo ndipo penye aibu yetu, na aibu hiyo ni yangu pia.

Baada ya pendekezo kutolewa, niliwauliza dada zangu na wifi zangu, mmoja mmoja, kwa nini wameunga mkono hoteli kwa haraka namna ile. Majibu yalifanana. Mmoja aliniambia, "Kaka, nyinyi mnakwenda kupumzika. Sisi tunahamisha jiko." Nilitaka kubisha, nikakosa hoja. Wao huamka kabla ya alfajiri kuumua mandazi, hupika mchana, huosha vyombo kwa maji ya kuchota, huogesha watoto, na jioni hukatakata nyama ya mishkaki ambayo sisi wanaume huigeuza motoni kwa robo saa, kisha tukasifiwa kwa kupika. Katika miaka yote hiyo sikumbuki kuosha sufuria kambini hata mara moja. Anayeniambia kuwa hiyo ni mila, nitamjibu kuwa katika kambi za karafuu kila mtu alikuwa na kazi, na aliyekaa kitako hakulipwa.

Nilimwendea pia Bibi, nikitaraji ataniunga mkono. Aliniambia, "Mwanangu, mgongo unaniuma. Miaka miwili hii nalala chini kwa ajili ya kuwaridhisha nyinyi. Mimi nataka kitanda, na choo cha kukalia." Nilifedheheka. Tulimfanya nguzo ya kambi, tukasahau kumwuliza kama nguzo inaumwa. Kisha akaongeza, "Lakini usiku njooni mnichukue. Sijamaliza."

Kwa hivyo hivi ndivyo ninavyopendekeza, na naomba kila nyumba ilipime kwa haki.

Kwanza, wazee, wajawazito na wenye watoto wachanga wakodishiwe nyumba kijijini, karibu na kambi, kwa mchango wa ukoo mzima. Yasiwe malipo ya mtoto mmoja mmoja kwa mama yake, asije akaonekana kuwa mwenye nacho ndiye mwenye mapenzi.

Pili, jiko ligawanywe kwa zamu, na wanaume wote kuanzia miaka kumi na miwili waingie zamuni. Siku mbili kati ya sita wanawake wasiguse chungu. Tukila wali ulioungua, tutaula na kuhimidi. Mimi nimejiandikisha zamu ya kwanza, na kuosha vyombo ni sehemu ya zamu.

Tatu, kambi ipigwe mahali palipoinuka, mbali na mkondo wa wadi, hata kama pale chini ndipo penye kivuli. Milimani mawingu ya kiangazi hukusanyika mchana na kumwaga ghafla, na wadi iliyokauka asubuhi inaweza kushuka na mawe jioni. Mahema mawili yaliyochanika yanunuliwe mapya, na watoto wasiachwe kucheza kwenye kingo za mashamba ya ngazi bila ya mkubwa.

Nne, taka zetu zishuke nasi. Mwaka jana nilimwona punda anatafuna mfuko wa plastiki uliotoka kwenye mkate wetu. Wenyeji wametustahamilia miaka mingi, na wengine wametuletea maji ya falaji na tende bila ya kuwauliza. Si adabu mgeni kuacha uchafu mlangoni mwa aliyemkirimu.

Tano, vijana wawili wapewe kazi ya kurekodi sauti ya Bibi kila usiku, kwa ridhaa yake, na yeye ndiye aamue lipi litangazwe na lipi libaki ndani ya ukoo.

Nawajua watakaosema kuwa naikuza safari ya siku sita ikawa jambo la kihistoria. Huenda. Lakini niwaulize: mwaka mzima, ni wapi pengine ambapo mjukuu wa Dubai, wa London na wa Maskati hulala wakisikia kikohozi cha babu mmoja? Arusini tunavaa na kupigwa picha. Matangani tunalia na kutawanyika siku ya tatu. Kwenye simu tunatumiana dua na vichekesho. Mkutano wetu mwingine wowote una mlango wa kutokea upesi. Jabalini gari zimefungwa, barabara ni ndefu, na mwenye kununa hana budi kurudi mkekani kwa sababu chai iko pale.

Binamu yangu wa London nimempigia simu kabla ya kuchapisha haya, asije akaona nimemsema nyuma yake. Alinisikiliza, akacheka habari ya zamu, akaniuliza kama kweli naweza kupika pilau ya watu 43. Nikamwambia siwezi, ila ninao mwezi mmoja wa kujifunza. Hakuniahidi kubadilisha kauli. Alichosema ni kuwa atamwuliza mkewe kwanza, na mimi naona hilo ndilo jibu jema zaidi alilowahi kunipa.

Majibu ya kila nyumba yapelekwe kundini kabla ya Ijumaa ijayo. Walio nje ya ukoo wetu wenye kambi, shamba au ufuo wao wa kukutania, tutafurahi kusikia wameutunza vipi, na nani huosha vyombo.

Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya na atukutanishe kwa kheri.

Wabillahi tawfiq.