Bunduki ya Serikali Haina Likizo



Hapa Uganda tunasikia mara kwa mara kwamba askari polisi aliye nje ya zamu amempiga mtu risasi: katika baa, katika ugomvi wa nyumbani, au kwa sababu ya deni. Askari hukamatwa na kupelekwa kortini, na watu husema haki imetendeka. Sisi tunasema imetendeka nusu. Kifungo cha askari hakilipi karo ya watoto wa marehemu, wala hakimpi mjane chakula. Michango yetu ya rambirambi hata siku arobaini haifiki. Baada ya hapo nani atalipa?

Jibu la wakubwa tunalijua: "Hakuwa kazini. Mdaini yeye mwenyewe." Lakini konstebo ni mtu wa mshahara mdogo kama sisi, na akiisha kufungwa hata huo mshahara hana. Kumwambia mjane amdai mfungwa ni kumwambia akakamue ng'ombe dume.

Tuanze na jambo ambalo kila mfanyakazi wa shamba la miwa au la chai analijua. Dereva wa trakta akimgonga mtu wakati anapeleka miwa kiwandani, mwenye shamba hudaiwa, hata kama dereva alivunja amri. Sheria hiyo inaihusu Serikali pia. Katika kesi ya Muwonge na Mwanasheria Mkuu wa Uganda, mwaka 1967, Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilisikiliza habari za askari ambaye wakati wa ghasia alimfuata mtu aliyekimbilia kwenye nyumba, akafyatua risasi bila kujali kama ataua. Mahakama ilisema Serikali inawajibika, hata kama kitendo chenyewe kilikuwa cha ovyo na kinyume cha sheria, maadamu kilifanywa katika shughuli za kazi.

Askari yule alikuwa zamu. Je, akiwa nje ya zamu?

Kesi mbili za visiwa vya Karibi zilikatwa na Baraza la Privy, London, mwaka 2004. Ya kwanza ilitoka Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Mwaka 1994 askari aliacha kituo chake, akavuka na bastola ya polisi mpaka kisiwa kingine kwa wivu wa mapenzi, akafyatua risasi ndani ya baa na kumjeruhi mgeni asiyehusika kabisa. Baraza lilisema hiyo haikuwa kazi ya polisi. Hata hivyo Serikali ilitakiwa kulipa, kwa kuwa wakubwa walimwachia bastola mtu ambaye habari za ukali wake walikuwa nazo. Ya pili ilitoka Jamaica. Mwaka 1990 mtu mmoja alikuwa katika foleni ya simu. Askari akaja, akasema yeye ni polisi, akataka apewe simu. Aliponyimwa akampiga risasi ya kichwa. Serikali ilitakiwa kulipa. Baraza lilitaja kwamba polisi wa kule walikuwa wakiruhusiwa kwenda nyumbani na bastola zenye risasi na kutembea nazo nje ya zamu, na hatari hiyo ilikuwa imeletwa na Serikali yenyewe.

Si mahakama zote zinazokwenda njia hiyo. Afrika Kusini, askari aliyekuwa zamu alimpiga mpenzi wake risasi kwa bastola ya kazi, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilikataa kumtoza Waziri fidia. Ndiyo sababu tunasema jambo hili lisiachwe kwa bahati ya jaji. Liandikwe katika sheria.

Watu watauliza: kwa nini kodi ya wananchi ilipe makosa ya mlevi? Swali hilo ni la haki. Askari aliye likizoni akimpiga jirani yake kwa fimbo, hatusemi Serikali ilipe. Fimbo ni yake. Lakini bunduki hakuinunua yeye. Serikali ndiyo iliyomchagua, ikamfundisha kulenga, ikampa silaha na risasi, na ndiyo yenye daftari la ghala. Mwenye mbwa mkali hawezi kusema mbwa alitoka bila ruhusa.

Tarehe 12 Mei 2023, mjini Kampala, askari polisi alimwua mkopeshaji fedha ofisini kwake kwa sababu ya deni. Polisi wenyewe walieleza kwamba askari huyo alikuwa amekatazwa kushika bunduki kwa ajili ya maradhi ya akili, na kwamba bunduki aliichukua kwa askari mwenzake waliyekaa chumba kimoja. Kumbe hatari ilijulikana, na bunduki ilikuwa chumbani anamolala. Huo si uzembe wa mtu mmoja.

Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019 inasema ofisa aliyevunja haki ya mtu atawajibika mwenyewe, hata kama Serikali nayo inawajibika. Tunaikubali, lakini isiwe mlango wa Serikali kutorokea.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, askari akimaliza zamu bunduki irudi ghalani na risasi zihesabiwe. Pili, sheria iseme wazi kwamba risasi ya Serikali ikimdhuru mtu bila haki, Serikali italipa kwanza, kisha imdai askari wake. Tatu, hukumu za fidia zilipwe kwa wakati, kwani sheria hairuhusu kukamata mali ya Serikali, na mjane hana nguvu nyingine.

Na ninyi viongozi wa matawi, msibaki katika kuchanga tu. Andikeni siku, mahali, namba ya askari, kituo chake na majina ya mashahidi. Madai ya namna hii juu ya Serikali, ambayo hufunguliwa kwa jina la Mwanasheria Mkuu, yana mwisho wa miaka 2, na ya wafiwa huweza kuwa na muda mfupi zaidi. Wengi hupoteza haki yao wakiwa bado wanangoja kesi ya jinai iishe. Msiingoje. Mpelekeni mjane kwa wakili mapema, naye asiende peke yake: chama kiende naye.

Umoja wetu usiishie kaburini.