Taarab ya Unguja ina njia, sasa ipate hati

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wapigaji wake walivuka bahari kwenda Bombay kurekodi nyimbo kwa kampuni ya santuri ya HMV. Mtoto wa Fumba, aliyewahi kuchuuza vyungu, akarudi akiwa msanii ambaye santuri zake ziliuzwa kwa makumi ya maelfu. Sifa ilikuwa yake. Mashine, duka na daftari la hesabu vilikuwa vya kampuni.

Hali hiyo ilijirudia kwa miaka mingi. Mwaka 1951 ilianza redio ya Sauti ya Unguja, na mtangazaji ndiye aliyeamua wimbo upi usikike. Zikaja kanda, zilizonakiliwa madukani kutoka Unguja hadi Mombasa, mara nyingi bila mwimbaji kuona hata senti. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Globestyle ya London ilitoa mfululizo wa rekodi za muziki wa Zanzibar, na wapenzi wa muziki huko Ulaya wakaanza kuvijua vikundi vya Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905, na Culture Musical Club, cha 1958. Kila hatua iliongeza masikio, lakini mlangoni palikuwa na bawabu, na msanii alikaa akisubiri kuitwa.

Leo bawabu huyo amepungua nguvu. Kikundi cha Mji Mkongwe kikishamaliza kurekodi, kinaweza kujisajili kwa msambazaji wa mtandaoni, kulipa ada, na kuufikisha wimbo wake Boomplay, Apple Music na Spotify, ambayo ilifunguliwa rasmi Tanzania Februari 2021. Siti and the Band, kikundi kilichozaliwa miongoni mwa vijana waliopita Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi (DCMA), kilitoa albamu yake ya Fusing the Roots mwaka 2018. Mtu aliye Muscat au Toronto haimlazimu kusubiri jamaa atoke safari na kanda mkobani. Anafungua simu, anasikiliza.

Hapa ndipo ilipo faida kubwa kwa muziki wenye wapenzi wachache. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na si wote wanaotaka kusikiliza bashraf, muziki wa ala tupu, wa kanuni na fidla. Lakini wapenzi wa sauti hiyo wametawanyika: Oman na Ghuba, Ngazija, Lamu, Uingereza, Kanada. Duka la Darajani lisingeweza kuwakusanya. Mtandao unaweza.

Singeli ya Dar es Salaam imekwisha kulithibitisha hilo. Mwaka 2017 lebo ndogo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso na kuuweka Bandcamp, jukwaa ambalo hukata asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kidijitali. Muziki uliokuwa wa vigodoro vya uswahilini ukawapata wasikilizaji Ulaya, na baadhi ya vijana walioutengeneza wakaalikwa kupiga kwenye matamasha huko.

Visiwani, haja ya njia kama hiyo imeonekana kwa machungu. Sauti za Busara, tamasha linalojaza Ngome Kongwe kila Februari, halikufanyika 2016 kwa kukosa fedha. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulisimamisha ndege za watalii, na wapigaji waliotegemea mahoteli ya Nungwi na Kiwengwa wakabaki nyumbani na ala zao. Msanii mwenye jukwaa moja tu anapofungiwa jukwaa hilo hana pa kusimama.

Hata hivyo, kusikika si kulipwa. Tangu 2024 Spotify hailipi mrabaha wa rekodi isiyofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12. YouTube nayo hudai wafuasi 1,000, na saa 4,000 za kutazamwa kwa mwaka kwa anayetegemea video ndefu, kabla ya kugawana mapato ya matangazo. Masharti hayo humuumiza hasa yule mwenye wasikilizaji wachache wanaompenda kweli.

Tatizo la pili ni letu wenyewe. Nyimbo nyingi za taarab ya zamani zimepandishwa YouTube na mashabiki, kwa nia njema, bila jina la mtunzi, bila mwaka, pengine bila hata jina la mwimbaji. Wimbo wa taarab una mikono mingi: mwenye shairi, mwenye muziki, mwimbaji na kikundi chenyewe. Kama haikuandikwa nani ni nani, hata fedha zikipatikana hazina pa kwenda, na familia ya mtunzi aliyefariki haina cha kudai.

Kwa hiyo kazi ya sasa ni ya makaratasi, nayo ina haraka, kwa sababu wazee wanaokumbuka nani alitunga nini wanapungua. Vikundi vikae viandike orodha ya nyimbo zao na wenye haki, na kila rekodi mpya ipate ISRC, namba yake ya utambulisho. COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar, ipeleke maofisa kwenye vilabu badala ya kungoja wasanii ofisini. Shirika la Utangazaji Zanzibar, lenye kanda za redio za miongo kadhaa, lizihifadhi kidijitali na kuingia mikataba na familia kabla ya kuzitoa. DCMA ifundishe usambazaji na mikataba pamoja na udi na kanuni.

Na msikilizaji naye ana sehemu yake. Ukumbini, mpenzi wa taarab huinuka akamtunza mwimbaji mbele za watu. Kununua albamu mtandaoni ni kutunza kwa mbali. Anayeipenda sauti ya Unguja aitafute leo kwenye ukurasa wa msanii mwenyewe, ailipie, na akisambaza kiungo ataje majina ya waliotunga na walioimba.